Je, Wajua? Mirathi, umunani na kesi za ndugu huko Rusizi

Ndugu wa tumbo moja wanapokutana mahakamani, mara nyingi kilichowafikisha hapo ni kipande cha ardhi alichoacha mzazi. Toleo hili tunakwenda Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, ile Cyangugu ya zamani. Huko ardhi ni haba, nchi tatu zinapakana, na sheria ya mirathi imeandikwa upya mara tatu ndani ya miaka 25. Soma haraka, ila usisome juujuu. Huenda jambo moja humu likaiokoa familia yako.

MTO MMOJA, SHERIA TATU

Je, wajua kwamba Wilaya ya Rusizi inapakana na nchi mbili kwa mpigo? Magharibi, ng'ambo ya Mto Rusizi, kuna Bukavu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kusini kuna Burundi. Watu wameoana na kufanya biashara pande zote tatu kwa vizazi vingi. Marehemu mmoja anaweza kuacha shamba Mururu, nyumba Bukavu na kiwanja Cibitoke, na watoto waliozaliwa katika nchi mbili.

Je, wajua kwamba mali hizo haziamuliwi katika chumba kimoja cha mahakama? Ardhi huamuliwa na mahakama za nchi ilipo. Hukumu iliyotolewa Kamembe, mji mkuu wa Rusizi, haitoshi peke yake kubadilisha jina kwenye hati ya nyumba ya Bukavu. Familia yenye mali pande mbili za mto ijiandae kwa safari mbili, mawakili wawili na hesabu mbili.

Je, wajua hesabu ya Kongo? Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya mirathi, wa kike sawa na wa kiume. Robo inayobaki hukatwa mafungu matatu: la mjane au mgane, la wazazi wa marehemu, na la ndugu zake. Kwa hiyo fungu la mjane ni sehemu moja ya kumi na mbili ya mirathi, mbali na kile ambacho tayari ni chake kwa ndoa, na ana haki ya kuitumia nyumba waliyoishi na mumewe.

Je, wajua kwamba huko Kongo kimya cha miaka miwili kinaweza kukupotezea nyumba? Kwa sheria ya ardhi ya 1973, ardhi yote ni ya Serikali na raia humiliki kwa hati ya usajili. Hati ikishatimiza miaka miwili bila kupingwa, haitenguliwi tena. Mtoto mmoja akiiandikisha nyumba ya baba kwa jina lake peke yake, na wenzake wakanyamaza kwa kuuheshimu msiba, watakuja kuambiwa kwamba kilichobaki ni kudai fidia.

Je, wajua kwamba huko Burundi mirathi ya ardhi bado inaendeshwa kwa mila, bila sheria iliyoandikwa? Mila hiyo inampa mwana wa kiume ardhi ya baba. Binti hupata kipande kidogo cha kutumia, kiitwacho igiseke. Kwa hiyo binti wa Bugarama, upande wa Rwanda, na binamu yake wa Cibitoke wanaweza kulima mashamba yanayotazamana, huku mmoja akiwa mrithi kwa sheria na mwingine akilima kwa hisani ya kaka zake.

KABLA BINTI HAJAHESABIWA

Je, wajua kwamba Rwanda nayo ilikuwa hivyo hadi mwaka 1999? Kijana alipooa, baba alimkatia umunani, kipande cha kujengea na kulima. Binti hakukatiwa, kwa kuwa alitarajiwa kula kwa mumewe. Ndoa ikivunjika akarudi nyumbani, aliweza kupewa ingaligali, kipande cha kujikimu ambacho wengi hawakukihesabu kuwa chake.

Je, wajua kilichoifanya mila hiyo ishindwe kubeba mzigo? Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 yaliacha wajane na yatima wengi mno. Binti wa miaka 15 alijikuta mkuu wa kaya, analea wadogo zake, ilhali kwa mila shamba la marehemu baba yake lilikuwa la ami zake. Wengi walilazimika kuomba ruhusa ya kulima pale pale walipozaliwa.

Je, wajua ni nani walioibeba hoja hiyo hadi bungeni? Jukwaa la wabunge wanawake lililoundwa mwaka 1996, likishirikiana na mashirika ya kutetea haki kama Haguruka, lililoanzishwa mwaka 1991. Matokeo yake ni Sheria Na. 22/99 ya tarehe 12 Novemba 1999. Kifungu chake cha 50 kilisema watoto wote halali wa marehemu wanarithi mafungu sawa, bila ubaguzi kati ya wa kiume na wa kike.

Je, wajua kwamba sheria hiyo iliugusa hata umunani? Mzazi aliyewagawia watoto akiwa hai alitakiwa kuwagawia mabinti pia. Baadhi ya watoto wakaichukulia kuwa deni, wakawapeleka mahakamani wazazi walio hai kudai umunani wao. Sheria ya Julai 2016 ikalimaliza jambo hilo: kugawa mali ukiwa hai ni hiari ya mzazi. Akiamua kugawa, asibague.

Je, wajua sheria inayotumika leo? Ni Sheria Na. 71/2024 ya tarehe 26 Juni 2024 kuhusu watu na familia. Imekusanya mahali pamoja mambo ya ndoa, mali ya wanandoa, zawadi na mirathi, na kuifuta ile ya 2016. Anayekutolea nakala ya sheria ya 1999 barazani na kusema "ndiyo hii" anakupa historia. Mwombe sheria ya sasa.

MJANE NI MJANE WA NANI?

Je, wajua kwamba nchini Rwanda ndoa inayompa mke haki ya mirathi ni ile iliyofungwa mbele ya afisa wa serikali, ya mume mmoja na mke mmoja? Harusi ya kanisani au msikitini, mahari iliyotolewa mbele ya wazee, miaka 20 ya kuishi pamoja: vyote vina heshima yake kijijini, lakini havimfanyi mwanamke kuwa mrithi wa mumewe. Kesi nyingi za kusikitisha huanzia hapa. Mama amelea watoto sita, amelima shamba miaka yote, kisha siku ya kumaliza matanga shemeji anamuuliza cheti kiko wapi.

Je, wajua kwamba watoto wa mama huyo hawapotezi haki yao? Mtoto aliyetambuliwa kisheria na baba yake anarithi sawa na mtoto wa ndoa. Kinachotakiwa ni utambulisho wenyewe, yaani jina la baba kwenye daftari la uraia. Baba anayeahirisha jambo hilo anamwachia mwanawe kesi.

Je, wajua kwamba baba akifa bila kumtambua mtoto, damu inaweza kusema? Tangu 2018 vipimo vya DNA hufanyika Kigali, kwenye maabara ya taifa ya uchunguzi wa jinai. Kabla ya hapo sampuli zilipelekwa Ujerumani, na gharama ilikuwa mlima kwa mkulima wa Nyakabuye au Nzahaha.

Je, wajua kwamba sheria iliwakumbuka pia wanawake wa ndoa za mitala? Sheria ya 2008 dhidi ya ukatili wa kijinsia ilisema mwanamume aliyeishi na wake kadhaa, akitaka kufunga ndoa ya serikali na mmoja wao, kwanza agawane sawa na wote mali waliyochuma pamoja. Ndipo ahalalishe ndoa. Mke wa pili anayesikia habari za harusi ya mwenzake adai haki hiyo kabla cheti hakijasainiwa.

Je, wajua kwamba siku ya ndoa unachagua pia hatima ya mali yako? Maharusi huchagua mfumo mmoja kati ya mitatu: mali zote kuwa za pamoja, mali watakazochuma ndani ya ndoa tu kuwa za pamoja, au kila mtu na chake. Wasipochagua, sheria huwahesabu kuwa wa mfumo wa kwanza. Wengi hujibu haraka mbele ya afisa kwa sababu wageni wanangoja na picha zinapigwa. Jibu hilo ndilo litakalosomwa mahakamani miaka 40 baadaye.

Je, wajua tofauti ya mjane wa Kamembe na wa Bukavu? Wa Bukavu tumeona fungu lake ni sehemu moja ya kumi na mbili. Sheria ya Rwanda imekuwa ikimwachia mjane au mgane wa ndoa ya mali za pamoja usimamizi wa mali yote, kwa masharti ya kulea watoto wa marehemu na kuwasaidia wazazi wa marehemu wakiwa wahitaji. Shemeji anayefika na kufuli siku ya tatu hana sheria mkononi.

MALI BILA DAFTARI

Je, wajua kwamba Rwanda iliipima na kuiandikisha karibu ardhi yote ya watu binafsi kwa miaka michache tu? Kazi hiyo iliyofanyika nchi nzima kuanzia 2009 ilisajili zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi. Kwa mkulima wa kijijini, ada ya hati ilikuwa faranga 1,000.

Inafaa kuitazama kwa karibu namna kazi ilivyofanyika, kwa sababu kesi nyingi za leo zinarudi kwenye siku ile moja. Vijana wa kijiji waliofunzwa upimaji walikuja na picha kubwa ya ardhi iliyopigwa kutoka angani. Mwenye shamba alitembea mpakani na majirani wake, kutoka mti wa muyenzi hadi mti wa muyenzi, ule mmea wa utomvu mweupe unaopandwa kuwa ua. Kijana akafuata kwa kalamu kwenye picha. Majirani wakikubaliana, mstari ukabaki. Wakibishana, shamba likaingia kwenye daftari la migogoro. Kisha likaja swali: niandike majina ya nani? Waliokuwapo wakaandikwa. Aliyekuwa Bukavu kibaruani, aliyekuwa ameolewa mbali, aliyekuwa kitandani hospitalini, jina lake lilitegemea uaminifu wa aliyebaki nyumbani.

Je, wajua kwamba unaweza kuitambua ardhi ya Rusizi kwa namba tu? Namba ya kila kipande hupangwa kwa mafungu matano: mkoa, wilaya, umurenge (ngazi iliyo chini ya wilaya), akagari (ngazi iliyo chini ya umurenge), kisha kipande chenyewe. Namba zinazoanza na 3/06 ni za Mkoa wa Magharibi, Wilaya ya Rusizi. Chini ya namba kuna jambo kubwa zaidi: majina ya wamiliki na asilimia ya kila mmoja. Mume 50, mke 50. Au kaka mmoja 100, na hapo ndipo kesi inapoanzia.

Je, wajua kwamba tangu Januari 2023 hati hutolewa kwa njia ya kielektroniki? Karatasi iliyofichwa chini ya godoro na kaka mkubwa haina nguvu ya kumzuia mtu tena. Kilichoandikwa kwenye daftari la taifa ndicho kinachotazamwa.

Je, wajua kwamba kati ya 2013 na 2021 ilikatazwa kuligawa shamba ikiwa vipande vingebaki chini ya hekta moja? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 503 kwa kila kilomita ya mraba nchini, na familia nyingi hazina hata hekta moja kwa jumla. Kwa hiyo ndugu walitakiwa kumiliki pamoja, lakini shambani wakagawana kwa mdomo. Sheria ya ardhi ya Juni 2021 iliondoa katazo hilo. Ile migawo ya mdomo bado ipo, na kila inapokosa maandishi ni kesi inayosubiri mzee mmoja afe.

Je, wajua kwamba wosia ulioandikwa kwa mkono hauhitaji wakili ili uwe halali Rwanda? Uandikwe wote kwa mkono wa mwenye wosia, uwe na tarehe na sahihi yake. Anayetaka uhakika zaidi huuandikisha mbele ya afisa mwenye mamlaka, ukahifadhiwa huko. Kuchapisha kwenye kompyuta ya duka la karibu kisha kutia sahihi hakuufanyi kuwa wosia wa mkono.

Je, wajua kwamba wosia una mpaka wake? Mzazi haruhusiwi kugawa kila kitu kwa watu wa nje na kuwaacha watoto mikono mitupu. Upande wa pili, mtoto naye anaweza kuipoteza haki yake. Miongoni mwa sababu zilizowekwa na sheria ya 1999 ni kumuua marehemu kwa kusudi, kumtolea ushahidi wa uongo, kukata uhusiano naye akiwa hai, kuutumia udhaifu wake wa mwili au akili kujitwalia mali, na kuharibu wosia wake.

Je, wajua kwamba Rwanda sasa ina sheria ya amana, yaani mali kushikwa na mtu au taasisi moja kwa faida ya mwingine? Ilipitishwa Oktoba 2021, hasa kwa ajili ya kituo cha kimataifa cha fedha cha Kigali. Mkulima wa Giheke hataihitaji kesho asubuhi, lakini familia yenye kampuni au mtoto asiyeweza kujisimamia inaweza kumuuliza wakili.

MBELE YA ABUNZI

Je, wajua kwamba ugomvi mwingi wa urithi hauanzii mahakamani? Huanzia kwa abunzi, wapatanishi waliotajwa katika Katiba ya 2003 na kuwekewa sheria yao mwaka 2004. Wako kwenye kila akagari, na kamati ya rufaa iko kwenye kila umurenge. Rusizi ina imirenge 18, kuanzia Bweyeye iliyo jirani na msitu wa Nyungwe hadi Nkombo, kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Kivu.

Je, wajua kwamba abunzi hawalipwi mshahara? Huchaguliwa na watu kwa uadilifu wao, na wanawake hawapungui asilimia 30. Shauri husikilizwa na watatu kati yao. Ikiwa wadaawa hawakubaliani ni akina nani, kila upande huchagua mmoja, na hao wawili huchagua wa tatu. Kwa utaratibu huu hakuna anayeweza kulalamika kwamba benchi lote ni la mwenzake.

Kikao chenyewe ni cha watu wanaofahamiana. Benchi limewekwa nje ya ofisi ya akagari, majirani wamesimama kando, katibu anaandika kwa mkono kila neno. Baada ya maneno hufuata miguu: wote wanakwenda shambani. Pale mpakani shahidi mwenye uzito huwa ni jirani mzee aliyekuwapo marehemu alipoipanda miyenzi, anayejua ni mti upi uling'olewa na lini. Wakili wa mjini hana ushahidi wa aina hiyo. Ndiyo sababu kuwahi kwa abunzi wakati wazee bado wapo ni busara kubwa.

Je, wajua kwamba asiyeridhika hazuiwi kusonga mbele? Kutoka akagari anakata rufaa umurenge, kisha Mahakama ya Mwanzo, ndani ya mwezi mmoja. Kwa wakazi wa mjini mahakama hiyo ni ile ya Kamembe. Juu yake kuna Mahakama ya Kati ya Rusizi, na Mahakama Kuu nayo ina kitengo chake hapo hapo Rusizi, hivyo kesi inaweza kupanda ngazi tatu bila kutoka wilayani. Ni urahisi kwa mwenye haki, na ni kishawishi kwa asiyetaka kukubali kushindwa.

Je, wajua kwamba uamuzi wa abunzi ambao hautekelezwi kwa hiari huhitaji muhuri? Unaitwa kashe mpuruza na hutolewa na Mahakama ya Mwanzo. Ukishapigwa, viongozi wa akagari au umurenge wanaweza kuutekeleza. Wapo walioshinda shauri wakarudi nyumbani kwa furaha, wasifuate muhuri, na shamba likaendelea kulimwa na aliyeshindwa.

Je, wajua kwamba kila wilaya ya Rwanda ina ofisi ya msaada wa sheria bila malipo? Inafahamika kwa kifupi MAJ. Mjane asiye na nauli ya kumfuata wakili Kigali aanzie hapo.

BONDENI NA UFUKWENI

Je, wajua kwamba si kila alicholima marehemu ni mirathi? Ardhi ya mabonde ya maji ni ya Serikali. Kwenye bonde la mpunga la Bugarama, wakulima hupewa haki ya kulima. Watoto wanaweza kuomba nafasi ya mzazi, lakini hawawezi kuigawana mahakamani kama shamba la mlimani.

Je, wajua kwamba ufuko wa Ziwa Kivu nao una mpaka? Sheria ya mazingira ya 2005 ilizuia kilimo ndani ya meta 50 kutoka ukingo wa ziwa. Ndugu wanaopigania kile kipande cha chini kabisa, chenye mandhari nzuri kuliko vyote, wapime kwanza. Huenda wanagombania kisichokuwa chao.

MTOTO WA MFALME ALIYEZALIWA KAMEMBE

Je, wajua kwamba ugomvi mkubwa wa urithi katika historia ya Rwanda unaanzia kwenye Ziwa Kivu? Mfalme Kigeli IV Rwabugiri alifariki mwaka 1895 ziwani humo, katika vita vyake dhidi ya ufalme jirani wa Bushi. Alikuwa amemteua mwanawe Rutalindwa. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1896, ukoo wa Malkia Kanjogera ulimpindua Rutalindwa huko Rucunshu na kumtawaza Musinga, mwana wa Kanjogera. Wosia wa mfalme mwenyewe haukutosha kuilinda nyumba yake.

Je, wajua kwamba Musinga naye alipong'olewa na Wabelgiji Novemba 1931 alihamishiwa Kamembe? Hapo ndipo alipozaliwa mwanawe Ndahindurwa, tarehe 29 Juni 1936. Baadaye baba alipelekwa Moba, Kongo, akafia huko mwaka 1944. Mtoto akawa Kigeli V, mfalme wa mwisho kutawala Rwanda. Alitangazwa Mwima tarehe 28 Julai 1959, kwenye mazishi ya kaka yake Mutara III Rudahigwa, ambaye hakuacha mtoto.

Je, wajua kwamba mtoto huyo wa Kamembe aliishia kuwa kesi ya familia Marekani? Kigeli V alifariki huko tarehe 16 Oktoba 2016, baada ya miongo mingi ya uhamisho. Sehemu moja ya ukoo ilitaka azikwe Rwanda. Wengine, pamoja na msaidizi wake wa miaka mingi, walitaka abaki Marekani. Mahakama ya Virginia ikaamua arudishwe nyumbani, na tarehe 15 Januari 2017 akazikwa Mwima, pale pale alipotangaziwa ufalme. Kwa karibu miezi mitatu mwili ulingoja watu wapatane. Kama mfalme anaweza kuachia nyuma yake ubishi wa namna hiyo, mimi na wewe tuna sababu gani ya kutosema mapema?

MAJIRANI WALIVYOAMUA

Je, wajua kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory? Mwanamke wa Kihaya, Tanzania, alirithi shamba la baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Mpwa wake alidai mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alisema mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya Katiba.

Je, wajua kesi ya Rono, Kenya? Marehemu aliacha ekari 192. Mahakama Kuu iliwapa wana wa kiume ekari 30 kila mmoja na mabinti ekari 5, kwa hoja kwamba mabinti wangeolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani mjini Eldoret iliikataa hoja hiyo, ikasema watoto ni watoto.

Je, wajua kwamba Aprili 2007 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta vifungu vya sheria ya mirathi vilivyowabagua wanawake, na Bunge likaja kuirekebisha sheria yenyewe mwaka 2022?

Je, wajua kwamba mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliilaumu Tanzania kwa sababu ya wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa nyumbani na wakwe kwa kutumia mila zilizoandikwa mwaka 1963?

Je, wajua kwamba Mei 2021 Mahakama Kuu ya Tanzania iliukataa wosia wa tajiri Reginald Mengi, aliyefariki Dubai mwaka 2019? Kati ya sababu za mahakama ni hali ya afya ya Mengi alipouandika na kuachwa nje kwa watoto wakubwa. Wosia unapaswa kuandikwa mtu akiwa mzima, na anayeachwa nje aelezwe sababu.

Je, wajua kwamba hata binti wa sultani alidai urithi bila mafanikio? Sayyida Salme wa Zanzibar aliondoka mwaka 1866 kwenda kuolewa na Mjerumani. Alirudi mwaka 1885 na 1888 kudai haki yake. Kaka zake, Sultani Barghash na kisha Sultani Khalifa, hawakumpa.

Je, wajua kesi ya mirathi iliyodumu miaka 117? William Jennens wa Uingereza alifariki mwaka 1798 akiwa tajiri sana. Kesi ya mali yake iliachwa mwaka 1915, gharama za sheria zilipokuwa zimeimaliza mali yote. Na Kenya, mirathi ya waziri wa zamani Mbiyu Koinange, aliyefariki mwaka 1981, ilizunguka mahakamani kwa zaidi ya miaka 30.

KABLA HUJAFUNGA UKURASA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Haki ya binti, ya mjane na ya mtoto wa nje imeshaandikwa katika sheria ya Rwanda. Kinachozipeleka familia mahakamani ni cheti kisichochukuliwa, jina lisiloandikwa, na mzazi aliyeona kuzungumzia kifo ni mkosi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fanya mambo manne mwezi huu. Kama unaishi na mwenzako bila cheti, nendeni mkafunge ndoa ya serikali. Mtambue kila mtoto wako kwa maandishi. Itazame hati ya shamba: majina ni yapi, asilimia ni ngapi, nani ameachwa? Kisha waite watoto wote, wa kike na wa kiume, uwaambie ana kwa ana unavyotaka mambo yawe, uandike kwa mkono wako, utie tarehe na sahihi.

Na wewe mwenye kesi tayari, anza na abunzi, sema kweli, na mwachie dada yako fungu lake. Ni lake kwa sheria tangu mwaka 1999.